Jike wa German Shepherd ana pedigrii lakini bado yuko kwa jina la aliyeniuzia, naanzia wapi kabla ya kumpandisha?

Wa_Rongai

Habari zenu wadau. Niko na jike wa German Shepherd hapa Rongai, nilimchukua akiwa mdogo kwa brida mmoja upande wa Kiambu, sasa anakaribia miaka miwili na joto lilipokuja nilimfungia ndani mpaka likaisha. Likija tena nataka kumpandisha ila nataka nifanye kitu cha maana, sio kujaza mtaa mapapi ya kuuzwa kwa katoni kando ya barabara.

Shida ni kwamba yule jamaa alinipa fotokopi ya pedigrii ya East Africa Kennel Club, ile klabu inayosajili mbwa, iko na majina ya wazazi na mababu, pamoja na kitabu cha chanjo, akasema transfa atanifanyia. Mpaka leo ni ahadi tu, ukimpigia ako kwa mkutano. Halafu jirani yangu ako na dume mkubwa kweli kweli, anasema ni damu ya Ujerumani ila hana karatasi hata moja, na kila tukikutana kwa geti ananiambia tuwapandishe tugawane watoto.

Sasa, hiyo fotokopi inatosha kusajili watoto? Na dume akiwa hana makaratasi si wanaweza kusajiliwa kwa upande wa mama tu? Halafu kiafya nifanye nini kabla, juu mimi najua chanjo na dawa ya minyoo basi. Asanteni.

MzeeWaBanda

Fotokopi ni ya kusoma tu kijana. Watu wengi wakiambiwa mbwa ana karatasi wanaletewa kile kitabu cha chanjo, kiko na stika za rangi rangi na muhuri wa daktari, wanafurahi wanaenda nyumbani. Kile hakisemi lolote kuhusu ukoo. Pedigrii ndiyo inasema baba ni nani mama ni nani, na hata hiyo haikufanyi wewe mwenye mbwa kama jina lililo kwenye rekodi za klabu si lako.

Na hapo ndipo pa kuangalia sana kwa kesi yako, kwa sababu fomu ya kusajili uzao husainiwa na mwenye jike na mwenye dume, wale ambao klabu inawatambua, sio wale wanaolisha. Ukimpandisha leo utakesha wewe, utalipa daktari wewe, halafu mwenye sahihi inayotakiwa ni yule bwana wa mikutano. Anaweza kukudai pesa ndio asaini, au akudai mtoto mmoja, nimeona hiyo ikitokea kwa watu waliokuwa marafiki.

Kwa hivyo maliza transfa KABLA. Mtumie ujumbe wa maandishi, usipige, muulize kwa upole lini mnaonana asaini fomu ya kubadilisha umiliki na akupe cheti halisi. Weka pamoja ule ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa na mazungumzo yenu ya WhatsApp, kisha wapigie klabu wenyewe uwape jina la mbwa na namba ya usajili iliyo kwa fotokopi, uwaulize kwa rekodi zao ako kwa nani na ada ya transfa ni ngapi sasa hivi. Usiniulize mimi ada, hubadilika.

Lingine, ana chipu, ile ndogo ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi? Nenda kliniki yoyote yenye skana wampitishe shingoni na katikati ya mabega, itatoka namba ya tarakimu 15, ilinganishe na iliyoandikwa kwa karatasi moja baada ya nyingine. Namba ikianza na 9 usishtuke, mara nyingi hizo tatu za mwanzo ni namba ya kutambulisha kampuni iliyotengeneza chipu. Shida ni ikiwa namba hazifanani, maana hapo umeuziwa pedigrii ya mbwa mwingine, na hiyo ni hadithi tofauti kabisa.

Dume asiye na karatasi, hapana. Hakuna usajili wa nusu. Wazazi wote wawili wawe wamesajiliwa, na kama dume ameletwa kutoka nje awe na pedigrii ya kusafirishia ya klabu ya huko alikotoka na awe ameshaingizwa kwa rekodi za hapa. "Damu ya Ujerumani" kila mtu anayo Nairobi hii.

Ukishapata cheti halisi kaa nacho chini usome majina. Ukitaka dume, weka pedigrii yake kando ya ya jike wako uangalie kama kuna jina limejirudia. Baba wa jike na baba wa dume wakiwa mbwa mmoja, hao ni ndugu wa baba mmoja, watoto wao wana asilimia 12.5 ya kuzaana ndani kwa ndani hata kabla hujaangalia vizazi vya nyuma. Hapa kwetu madume mashuhuri ni wachache na kila mtu anakimbilia yule yule, kwa hiyo hili si jambo la vitabuni. Nenda siku ya maonyesho pale Jamhuri Park, kaa kando ya uwanja uone mbwa wanavyotembea na wanavyowatazama watu, halafu ndio uongee na wenye madume.

Kiboko_ya_Wezi

Mzee kwa heshima zote, hizi karatasi ni za kuuzia matajiri wa Karen. Mimi nafuga za ulinzi, sina hata cheti kimoja na mapapi yanaisha kabla hayajafungua macho. Mwizi akiruka ukuta hasomi pedigrii 😂😂 Jamaa dume liko hapo kwa geti, bure, kubwa, wewe unaenda kutafuta fomu. Wapandishe muone.

DaktariMdogo

Kiboko 😂 ile ya mwizi nimeipenda, na kuna jambo moja uko sawa, cheti hakisemi kama mbwa ni mzima. Nimeona German Shepherd wenye pedigrii ndefu kama shuka wakiletwa kliniki wakishindwa kupanda ngazi tatu. Ila ndio maana karatasi bila vipimo haitoshi, na vipimo bila karatasi navyo havikufikishi mbali kwa sababu huwezi kujua mjomba na shangazi walikuwaje.

Wa_Rongai, kwako ningeanza na nyonga na viwiko. Eksirei ya nyonga hupigwa mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, chali, miguu ya nyuma imenyooshwa sambamba na magoti yamezungushwa kuingia ndani. Akilala upande kidogo tu picha haifai, ndiyo maana usikubali ya haraka haraka ambapo kijana wa kliniki anamshika mbwa akiwa macho anahangaika. Namba ya chipu iwe ndani ya picha yenyewe, isiandikwe kwa kalamu baadaye. Kwa mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la klabu za mbwa, zinapimwa A mpaka E, A ndiyo safi, na mbwa awe na angalau miezi 12. Waingereza wao wanajumlisha pointi za nyonga zote mbili, 0 mpaka 106, kadiri zinavyopungua ndivyo bora. OFA, shirika la Marekani la kupima mifupa ya wanyama, hawatoi cheti cha mwisho kabla ya miezi 24. Chagua mfumo mmoja, umuulize daktari wako picha anapeleka wapi kusomwa. Akitoka D au E usimpandishe, atabaki mbwa wako mzuri wa nyumbani na atakulinda vilevile. C watu hubishana, mimi ningetaka dume wa A na bado ningefikiria mara mbili.

Kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaoitwa DM, miguu ya nyuma inalegea polepole mpaka mbwa anajikokota. Huanza uzeeni, mara nyingi akiwa amepita miaka 8, yaani wakati huo ameshazaa na watoto wake wameshazaa. Kipimo chake ni cha DNA, wanapangusa ndani ya shavu kwa pamba wanatuma maabara. Akiwa amebeba nakala moja ya hiyo jeni sio mwisho wa dunia, mtafutie dume asiyebeba kabisa. Wakibeba wote wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili, na hao ndio wako hatarini.

Brusela, ule ugonjwa wa bakteria unaoshika uzazi, tafadhali sana, jike NA dume, damu itolewe kabla ya kupandisha. Inatoa mimba ikiwa imeshakomaa, hakuna dawa ya kuaminika ya kumaliza kabisa, na inaweza kumshika binadamu anayezalisha kwa mikono mitupu. Dume anayezurura usiku mtaani namwogopa pia kwa ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa huambukizana wakipandana, huku kwetu tunauona sana. Jirani yako dume lake linalala wapi usiku?

Halafu kupe. Rongai, Kitengela, Ngong huko kote mbwa wanakuja na erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, bila mwenyewe kujua, mbwa anakula, anacheza, kumbe chembe za kugandisha damu zimeshuka. Mbwa kama huyo akizaa anaweza kuvuja damu isiyokata. Pima damu kamili sasa hivi, kama yuko na kitu atibiwe sasa, kwa sababu dawa ya kawaida ya erlikia, ile doksisaiklini, hatupendi kumpa akiwa na mimba. Chanjo nazo zikamilike kabla ya joto ili maziwa ya kwanza yawe na kinga ya watoto, zile chanjo hai hazidungwi wakati wa mimba.

Na hili la ukubwa. Standadi ya German Shepherd inasema jike sentimita 55 hadi 60 mabegani, kilo 22 hadi 32, dume 60 hadi 65, kilo 30 hadi 40. Mtu akikusifia dume la kilo 55 anakusifia kasoro, au kitambi.

MzeeWaBanda

Daktari umesema. Ongeza tabia. Jike anayejificha mgeni akiingia, au anayeng'ata kwa woga, usizalishe hata kama nyonga ni A. Watoto hujifunza kwake kabla hujawashika.

Na wewe Kiboko, wale wako wanaoisha kabla hawajafungua macho, wanaisha kwenda wapi? KSPCA, lile shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama hapo Nairobi, wanapokea mbwa wa aina zote, wenye asili nzuri wamo.

Kiboko_ya_Wezi

Wateja wangu hawajawahi kulalamika lakini. Sawa brusela sikuwa najua inashika watu, hiyo nitaulizia.

ArushaKwetu

Wakuu salama? Mie nipo Arusha, dume wangu nilimtoa Nairobi, alipita Namanga na kibali cha kuingiza mnyama, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa, hayo yaandaeni mapema aisee, pale mpakani hakuna cha kubembeleza. Karatasi ya ukoo haiwasaidii wale, wanataka za afya tu.

Nimechangia kwa sababu nawapokea majike hapa kwangu, na mara nyingi jike ndo anapelekwa kwa dume, dume akiwa ugenini anahangaika kunusa kuta badala ya kazi. Sasa watu wananiletea jike siku ya 11 kwa sababu mtu kamwambia siku ya 11. Hesabu huanza siku ya kwanza ya kuona damu, wengi huwa tayari kati ya siku ya 9 na ya 14, lakini nimepata aliyekubali mapema zaidi na mwingine siku ya 18. Ukiona damu imepauka imekuwa kama maji ya majani makavu na ukimgusa kiuno anapeleka mkia pembeni, basi yu karibu. Ila cha uhakika ni kupima homoni ya projesteroni, damu inatolewa kila baada ya siku mbili tatu mpaka yai litoke, unapandisha kama siku mbili baada ya hapo. Ukishajua siku ya yai, hesabu 63, siku ya kuzaa huikosi kwa mbali. Asiyepima ndo yule anapiga simu usiku "mkuu huyu mbona hazai".

Wakinasana muwaache jamani. Inaweza kuchukua dakika 5, inaweza kuchukua nusu saa. Nimeona watu wazima wakimwaga maji ya baridi, watoto na mawe juu ya ukuta. Mnaumiza wote wawili.

Na mwandikiane. Ada ya dume ni pesa au ni mtoto, kama ni mtoto nani anachagua kwanza, jike asiposhika mimba mnarudia bure au hapana, fomu ya uzao mwenye dume atasaini lini. Mie nasaini siku hiyo hiyo ya kupandisha, simshikilii mtu.

MamaMapapi

Mimi nitaongea ya kuzaa kwa sababu huko ndio watu huachia mbwa "ajue mwenyewe". Dada wa Arusha (au kaka, samahani) ameshamaliza ya siku.

Kitu cha kwanza ambacho utaambiwa na kila mtu ni mpe kalsiamu. Mpe maziwa, mpe unga wa mifupa, mpe vidonge. USIMPE wakati wa mimba bila daktari kusema. Mwili ukizoea kupewa kutoka nje unasahau kuitoa mifupani, siku maziwa yanaanza kutoka kwa nguvu anaishiwa ghafla, anaanza kuhema, kutetemeka, miguu inakakamaa, hiyo ni dharura ya kukimbizwa kliniki saa hiyo hiyo sio kesho. Mpe chakula kizuri cha mapapi kuanzia kama wiki ya sita, kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu tumbo limebanwa.

Sanduku la kuzalia. Liwe refu kiasi cha yeye kulala amejinyoosha na nafasi ibaki, kuta za mbele ziwe fupi aweze kutoka bila kuburuta matiti, na ndani kote pigilia ubao kama reli, umbali wa kiganja kutoka ukutani na kutoka chini. Hiyo reli ndiyo itaokoa mtoto anayesukumwa nyuma ya mgongo wa mama usiku, jike wa kilo 30 akilala mtoto hata hamsikii. Fundi wa mbao wa mtaani anakutengenezea asubuhi moja ukimchorea. Mwanzoni tandika magazeti mengi, yanapolowa unatoa ya juu, baadaye blanketi lisiloteleza.

Baridi. Mvua hainitishi, mimi naogopa Julai. Mtoto wa mbwa wiki ya kwanza hawezi kujipasha moto, hapo kwao sandukuni panatakiwa nyuzi 29 mpaka 32. Tumia balbu ya joto upande mmoja tu ili mwenye kusikia joto asogee kando. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu, moshi usioonekana utaua watoto na mama na wewe uliyekaa hapo.

Wiki ya mwisho mpime joto la mwili asubuhi na jioni uandike. Kawaida ni kama nyuzi 38 na kitu, likishuka chini ya 37 na kidogo hivi jua uchungu mara nyingi unakuja ndani ya siku moja. Eksirei ya mwisho mwisho inakupa hesabu ya watoto, usipojua idadi utajuaje amemaliza? Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au saa mbili zimepita na unajua bado wamo, au umeona uchafu wa kijani kabla hata wa kwanza hajatoka, mpigie daktari. Uwe umeshaongea naye kabla, ujue nani anapokea simu saa tisa usiku wa Jumapili.

Watoto wapimwe kila siku kwa mizani ya jikoni, wawekewe uzi wa rangi tofauti. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo ana shida hata kama ananyonya. Minyoo inapita kutoka kwa mama tangu tumboni kwa hiyo dawa zinaanza wiki ya pili na kurudiwa kila wiki mbili. Hakuna kuondoka kabla ya wiki 8, hata mnunuzi alete gari na ribini. Na kama huna majina ya watu walio tayari kuchukua kabla jike hajapanda, subiri. Mapapi manane ya wiki kumi yanakula kama kambi ya jeshi.

Wa_Rongai

Jamani asanteni, sikutarajia haya yote. Nimemtumia jamaa ujumbe wa maandishi kama Mzee alivyosema, ajabu amejibu, tunaonana Jumamosi na fomu. Chipu ilisomeka na namba zinafanana na za fotokopi. Eksirei nimeulizia kwenye kliniki ya wanyama wadogo ya chuo pale Kabete. Joto likinipata kabla majibu hayajatoka nitaliacha lipite.

Jirani nimemwambia hapana, hajafurahi, ameanza kuniambia najifanya. Sasa wasiwasi wangu ni ukuta, dume lake liliwahi kuruka. Nikija kumpandisha kwa dume mwenye karatasi halafu hili liruke siku moja baadaye kuna shida kweli, si atakuwa ameshashika mimba?

DaktariMdogo

Kuna shida kubwa. Jike hutoa mayai mengi na yanabaki tayari kwa siku kadhaa, kwa hiyo uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, wanne wa huyu na watatu wa yule, na kwa macho hutawatofautisha wote wakiwa German Shepherd. Likitokea itabidi kila mtoto apimwe DNA ya uzazi pamoja na madume yote mawili kabla ya kusaini fomu yoyote, na gharama ni yako. Ukiificha klabu habari ya dume la jirani, bado cheti kitakuwa cha uongo.

Mfungie kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka wiki tatu zipite na damu ikauke kabisa, hata baada ya kupandishwa. Ndani ya nyumba, sio bandani. Haja aende na kamba, ukimshika wewe mwenyewe, na geti la nyuma liwe na kufuli. Dume likimfikia hata hivyo njoo kliniki upesi tuongee, usimdunge sindano ya kutoa mimba uliyouziwa dukani, zile za homoni zinaweza kuharibu kizazi mpaka kitolewe.

MzeeWaBanda

Na huo ukuta ongezeni waya, mgawane gharama. Huyo jirani utamhitaji tu, siku ya kuzaa ukikosa gari.